Kinu Kilipozimwa kwa Matanga

Mama Robai aliponipigia simu kuniambia kwamba Mzee Amukowa ametuacha, nilimpa pole, kisha nikauliza swali ambalo mfiwa mwingine yeyote angenikatia simu kwa ajili yake. Nilimuuliza kama wamezima kinu. Hakushangaa. "Tumezima, Jentrix. Tangu atuache hakuna mtu amesaga hata gorogoro moja ya mahindi. Na ile chungu yako sijaigusa. Nimeiacha na maji yake vile ilikuwa." Nilikuwa ofisini, mbele ya wanafunzi wawili waliokuja kuulizia alama zao. Machozi yalinitoka, na katikati ya machozi hayo nikacheka. Wale vijana walitazamana, bila shaka wakidhani mwalimu wao amechanganyikiwa. Niliwaambia warudi kesho, nikafunga mlango. Watu wanaojua kwa nini nisingeweza kusikia habari za msiba ule bila kuulizia kinu ni wachache mno, na mmoja wao ndiye huyo aliyekuwa amelala kwenye jeneza.

Mwaka ninaousema nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya kemia, nimepanga chumba Lurambi, nyuma ya kinu cha kusaga unga cha Mzee Amukowa. Ukuta wangu ndio ulikuwa ukuta wa kinu. Mzee alipowasha mashine asubuhi, kikombe changu kilitembea mezani peke yake, na nisipokiwahi kilifika ukingoni na kuanguka. Kila kitu nilichomiliki kilikuwa na vumbi jeupe: blanketi, vitabu, kope zangu mwenyewe. Niliwahi kukaa kanisani karibu na mama mmoja mtu mzima, akaninusa, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu tunauza mahindi. Lakini nilikipenda chumba kile. Kwa sababu ya ule ukuta mwembamba nilisikia mazungumzo yote ya foleni ya kinu, nani ameoa, nani ameachwa, ng'ombe wa nani ameingia shambani mwa nani, na kiwanda cha Butali kimechelewa tena kuchukua miwa ya nani. Redio sikuihitaji.

Mada yangu nilipewa na Daktari Evaline, msimamizi wangu, mwanamke mwembamba wa maneno machache aliyekunywa chai bila sukari na aliyeamini kwamba mwanafunzi asiyeweza kueleza kazi yake kwa muuza nyanya haijui. Kwa hiyo nitaeleza kama alivyonifundisha. Maji ni haidrojeni na oksijeni zilizoshikana. Ukizitenganisha, unapata haidrojeni, nayo ni gesi inayowaka bila moshi na bila masizi, na ikishaungua inarudi kuwa maji. Shida ni kuzitenganisha. Wengi hutumia umeme. Lakini kuna watafiti waliogundua kwamba ukitia unga wa madini fulani ndani ya maji na kuusugua kwa nguvu, kusugua tu, kama unavyosugua chanuo kwenye sweta mpaka nywele zisimame, unga ule huyavunja maji. Unga wenyewe hauliwi. Ni kichocheo, yaani kazi yake ni kuyasukuma maji yaachane, na nguvu inatoka kwenye kule kusuguana. Daktari alitaka kujua kama mzunguko ambao tayari upo, gurudumu la mtoni au mkanda wa kinu, unaweza kufanya kazi hiyo. "Kakamega hii vitu vinazunguka kutwa," aliniambia. "Tafuta kitu kinachozunguka, ukifunge kamba."

Nami nilikuwa nalala pua kwa pua na kitu kinachozunguka. Mzee Amukowa alinisikiliza akiwa ameshika kijiko cha uji hewani, uji ukapoa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya mkata miwa, maana ndiyo kazi aliyoifanya Kabras kabla ya kununua mashine, na alikuwa na tabia ya kurudia maneno yako ili uyasikie yalivyo ya ajabu. "Unataka kufunga kipipa kwa belti yangu. Ndani maji. Ndani mawe. Izunguke. Halafu maji itoe moto."

"Itoe gesi, Mzee. Gesi ndiyo inawaka."

"Maji itoe gesi, gesi iwake." Akamgeukia mkewe. "Robai, umesikia hii mtoto? Siku nitaona maji ikichemsha maji, mimi nitaamini hata wanasiasa." Lakini jioni ile ile alikuwa chini ya mashine na spana, anapima mahali kipipa kitakapokaa.

Kipipa chenyewe kilitengenezwa na fundi wa jua kali mjini, kwa alumini, kwa sababu alumini ni nyepesi na haishiki kutu. Kilikuwa na ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu kumi. Ndani tulitia maji hadi nusu, gololi za kauri, na unga wa oksidi ya shaba, mwekundu kiasi kwamba wateja walidhani tunasaga wimbi na mmoja akataka auziwe. Mhimili wake ulikuwa na tundu, na kutoka pale mpira mwembamba ulipeleka gesi kwenye chupa iliyojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Gesi ikiingia, maji hushuka. Kazi yangu yote ya mwaka ilikuwa kuangalia maji ya chupa kama yatashuka. Idara ilikuwa imeniambia wazi: mwaka ukiisha bila matokeo, mada inafungwa na nafasi yangu chuoni inakwisha. Ningerudi kufundisha kwa kibarua shule niliyotoka, kuwasomea watoto kemia kutoka kitabu kilichopasuka, katika chumba kisicho na hata mshumaa wa kuwasha. Sikulala vizuri mwaka ule, na si kwa sababu ya kelele za kinu.

Miezi ya kwanza maji hayakushuka. Kisha, bila sababu niliyoiona, yakaanza. Kwanza kipovu, kisha mfululizo, mpaka siku moja chupa ikawa nusu. Nilichukua gesi kidogo kwenye kichupa cha majaribio, nikakisogezea kiberiti, ikawaka: puu! Sauti laini, kama mtu anayezima mshumaa kwa mdomo. Nilipiga kelele. Wateja wakaacha magunia yao, na Mzee akataka aone tena, na tena, mpaka kiberiti kikaisha. Mama Robai alilia kwa furaha. Jumapili alisimama kwenye kikundi cha akina mama kanisani akatoa shukrani kwamba mpangaji wake anatoa moto kwenye maji kwa uwezo wa Mungu, na toka siku hiyo kila nilipopita njiani watoto walinipungia wakiita, "Mwalimu wa maji!"

Mama Robai alikuwa amejipa kazi ya kukiosha kipipa. Kila nilipokifungua kubadilisha maji, alikichukua na kukipeleka jikoni kwake, akakirudisha kinang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. "Mtoto hawezi kuonyesha wageni sufuria chafu," alisema. Nilimwachia. Huku kwetu mwanamke akikuoshea chombo mpaka kikang'aa, amekupenda.

Daktari Evaline peke yake ndiye ambaye hakushangilia. Alikuja, akatazama, akasikiliza ile puu, akaniuliza, "Na oksijeni iko wapi?" Maana maji yakivunjika ni lazima vitoke vyote viwili. Sampuli tulizopeleka kupimwa zilionyesha haidrojeni tupu. Nikamwambia pengine oksijeni inayeyuka ndani ya maji, pengine unga unaishika. Akasema, "Pengine." Sijawahi kusikia neno dogo linalouma vile. Hata hivyo wageni kutoka kwa wafadhili wa utafiti wetu walikuwa wamekwisha kualikwa, na siku yao ilikuwa inakaribia.

Ndipo Kukhu Anjelina, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, akafariki. Kukhu maana yake ni bibi, na yeye alikuwa bibi wa kila mtu. Asubuhi ile Mzee Amukowa hakuwasha mashine. Nilipomwendea, nilimkuta amekaa juu ya gunia, kofia mkononi. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba wageni wangu wanakuja, kwamba kipipa kimejazwa maji mapya na kimetoka kuoshwa, kwamba pengine tuwashe kidogo tu, bila kusaga.

"Jentrix," akasema, "huyu mama amelala hapo. Watoto wake wanalia hapo. Mimi nianze kunguruma hapa kama nani? Akizikwa tutasaga. Poshomili yangu inakaa matanga kama mtu."

"Na watu watakula unga gani, Mzee?"

"Watakula kwa matanga. Hapo chakula haikosi." Akavaa kofia yake, akaenda kusaidia kupasua kuni.

Niliona haya, lakini niliona hasira pia, sitaficha. Nilikwenda kukaa matangani na uso wa kununa, nikamenya viazi pamoja na wengine. Siku ya maziko ilipofika nilipita kinuni asubuhi kuchukua sufuria kubwa ya kuazimana, na kwa mazoea tu nikatupia jicho chupa yangu. Maji yalikuwa yameshuka. Hayakuwa yameshuka kidogo. Chupa ilikuwa karibu tupu, imejaa gesi kuliko siku yoyote kinu kilipokuwa kikinguruma, na vipovu bado vinapanda, kimoja kimoja, kwa utulivu, kama mtu asiye na haraka. Mkanda ulikuwa umelegea. Gurudumu limesimama. Nililigusa kwa mkono, lilikuwa baridi. Nilibaki pale na sufuria kichwani nikielewa kitu kimoja: gesi haikuhitaji kuzungushwa. Na kama haikuhitaji kuzungushwa, basi nilichokuwa nacho mimi hakikuwa mada yangu, na kanisa zima lilikuwa limemshukuru Mungu kwa kitu nisichokijua ni nini.

Jikoni kwa marehemu kulikuwa na mashada ya mrenda, kuku wanachinjwa, obusuma, ugali wetu, inasongwa na wanaume wawili kwa mwiko mrefu kama kasia. Nilikaa chini kuchambua mboga bila kusikia ninachoambiwa. Huko nyuma yangu akina mama walikuwa wanamkemea mke mmoja mgeni aliyeolewa juzijuzi, aliyetaka kumimina musherekha kwenye sufuria. Musherekha ni maji ya majivu: unachoma maganda ya maharagwe, unachuja majivu yake kwa maji, unapata chumvi ya kienyeji inayolainisha mboga.

"Wewe! Hiyo usiwekange kwa sufuria ikalala!" mmoja alisema. "Itakula sufuria yote mpaka itoboke. Weka kwa chungu."

"Lakini Robai anaoshanga nayo sufuria."

"Anaosha anamwaga. Lakini mafuta ya mashine, eh, hiyo haitoki bila musherekha. Hata ile kipipa ya mwalimu wa maji, Robai ameniambia anaiachia musherekha kidogo ikae ndani ya mishono, ndio ing'ae vizuri."

Mboga zilinianguka mapajani. Maji ya majivu na alumini! Hii si elimu ya shahada ya pili. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa sekondari mimi mwenyewe kwamba magadi makali hula alumini na kutoa haidrojeni. Haidrojeni tupu, bila oksijeni. Kipipa changu kilikuwa kinaliwa polepole na upendo wa Mama Robai. Niliomba kikombe cha musherekha na kifuniko cha sufuria kilichotobolewa na uzee, nikaenda navyo kinuni, nikavikutanisha chini ya chupa. Vipovu vikaanza mara moja, tena kwa bidii. Kiberiti: puu. Ile ile sauti laini.

Nilimweleza Mzee baada ya maziko, mbele ya mkewe, kwa sababu sikujua namna ya kumficha. Mzee alirudia kama kawaida yake. "Yaani sisi wote tumekaa matanga, na hiyo kipipa yako ikaendelea tu na kazi?"

"Ndiyo, Mzee. Ndiyo maana najua si ya kweli."

Mama Robai alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili. "Basi mimi nimekuharibia masomo," akasema, na akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu. "Mimi na mikono yangu. Na nimesema kanisani." Nilipiga magoti mbele yake. Nilimwambia ukweli, na ukweli ni kwamba kitu kilichokuwa kikinikaba tangu siku ya "pengine" kilikuwa kimeniachia. Wageni walikuwa hawajafika. Hatukuwa tumeandika popote kwamba tumefaulu. Angekuja mtu wa mbali mwenye macho makali akayaona yale kabla yangu, ningezikwa mimi badala ya Kukhu Anjelina. Nilimwambia hivyo, akanipiga kofi dogo la begani kwa kutaja kuzikwa, na hapo nikajua amenisamehe na amejisamehe.

Kisha nilikwenda kwa Daktari Evaline nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka mpaka akavua miwani. "Musherekha! Bibi yangu alinichapa kwa sababu ya musherekha kwa sufuria." Kisha akapiga simu mbele yangu, akawaambia wageni kwamba hatuna cha kuwaonyesha kwa sasa, na kwamba tutawaita tukiwa nacho. Alisema bila kupepesa macho. Alipokata simu aliniuliza chombo gani hakiliwi na maji ya majivu wala kitu kingine, na wote wawili tukasema kwa pamoja: chungu.

Tulikwenda Ilesi kwa wafinyanzi. Chungu cha kwanza kilivuja, na haikuwa kosa la mtu, kwani chungu cha maji kimeumbwa kitoe jasho ili maji yapoe. Cha pili tulikipeleka kwa mwalimu wa sanaa, akakipaka ndani rojo ya kioo na kukichoma upya. Tulikifunga kwenye mkanda, maji safi ya mvua, gololi, unga mwekundu. Mama Robai alikatazwa kukigusa, naye akawa mlinzi wake mkali, akiwafukuza hata kuku. Na maji ya chupa hayakushuka. Wiki zikapita. Mvua za mwisho wa mwaka zikaanza, chumba kikanuka unga uliolowa, nami nikaanza kupanga vitabu vyangu kwenye katoni, kimoja leo, viwili kesho, nikijifanya ninasafisha tu. Mzee alikuwa akipita mlangoni, anatazama katoni, anakwenda kukaza mkanda.

Siku ilipotokea nilikuwa nakula. Viazi vitamu na chai ya maziwa. Mama Robai aliniita jina langu kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia, nami nikakimbia na kiazi mdomoni. Katika shingo ya ile chupa kulikuwa na uwazi mdogo, si mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Nilimwomba Mzee azime kinu. Alizima, ingawa foleni ilinung'unika. Tulisubiri. Hakuna kipovu. Akina mama wa foleni walikaa juu ya magunia, wakasubiri pamoja nasi, kinu chote kimya, mvua tu juu ya mabati. Hakuna. "Washa, Mzee." Mkanda ukashika, chungu kikazunguka, na baada ya muda kipovu kimoja kikapanda. Zima. Kimya. Washa. Kipovu. Tulifanya hivyo mpaka mteja mmoja akauliza kama leo tunasaga ama tunacheza. Nilipokusanya gesi ya kutosha nikaisogezea kiberiti, na haikusema puu. Ilisema tah! Sauti kavu, kali, kama ganda la maharagwe linalopasuka juani, maana haidrojeni ikiwa na oksijeni yake ndani hubweka. Mzee aliruka. Mimi nilikaa chini kwenye unga, na gauni langu la kanisani, nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa. Ilikuwa gesi kidogo mno. Isingechemsha hata kijiko cha chai. Lakini ilikuwa yangu, ilitoka pale niliposema inatoka, na nilitoa vitabu vyote kwenye katoni siku ile ile.

Hatujachemsha chai mpaka leo, nami sitadanganya watu kwamba tumekaribia. Nimefundisha kwa nguvu ya kile kipovu maisha yangu yote ya kazi. Wanafunzi wangu wamebadilisha unga mara nyingi, na gesi imeongezeka, na Mzee hakukubali kamwe chungu kiondolewe kwenye mkanda wake. "Hiyo ni yetu," alisema. Kwa hiyo kimebaki kinazunguka Lurambi kila siku ya kusaga, na mwanafunzi mmoja huenda kusoma chupa.

Tulimzika Mzee Amukowa kwenye shamba lake, nyuma ya kinu, miwa ya jirani ikiegemea ua. Watu walikuwa wengi. Nilikula obusuma na ingokho, kuku wetu wa kienyeji, nikasikia hadithi zake zikisimuliwa kwa sauti yake mwenyewe, kwa kurudiarudia maneno. Kisha Mama Robai, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, akanikonyeza nimfuate. Aliufungua mlango wa kinu. Ndani kulikuwa na harufu ya ujana wangu, na kimya ambacho kingenitisha zamani zile. Mkanda ulikuwa umelegea. Nilipiga magoti kwenye beseni, nikafuta vumbi la chupa kwa kiganja.

"Imefanya kitu?" aliuliza Mama Robai.

Chupa ilikuwa imejaa maji mpaka juu kabisa. Nilitazama kwa muda mrefu nihakikishe. "Haijafanya kitu, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitikisa kichwa polepole, akakigusa kile chungu ubavuni kwa mkono wake mkavu, mkono niliomkataza kukigusa nao miaka yote ile. "Basi nayo imemkalia matanga," alisema, akanishika mkono, tukarudi kwa watu.